Watoto wa Milimani, Watoto wa Ziwani na Lugha ya Shule

Ninyi wa Mbinga mjini, ninyi wa Litembo na Maguu huko juu kwenye baridi, nanyi wa Lituhi, Liuli, Lundu na Mbamba Bay mnaosikiliza huku mkigeuza dagaa juani, karibuni tuzungumze. Leo ni habari ya watoto wadogo, hawa wa miaka minne, mitano na sita, na lugha wanayokutana nayo siku wanapopelekwa shule. Najua nikitaja lugha mpya, wengi fikra zinakimbilia Kiingereza. Kiingereza kitakuja, wala hakina haraka. Tuanze na Kiswahili.

Mtu wa pwani hushangaa akiambiwa kwamba yupo mtoto wa Kitanzania anayeingia darasa la awali hajui Kiswahili. Sisi wa huku hatushangai. Mama yuko kwenye kahawa, baba kaenda mjini kufuatilia malipo ya chama cha msingi, mtoto kaachwa kwa bibi, na bibi anazungumza Kimatengo tangu alfajiri hadi moto unapozimwa. Ukishuka milima kufika Ziwa Nyasa unakuta Kinyasa na Kimpoto, na ukielekea Lituhi unakikuta Kimanda. Mtoto huyo wa miaka mitano si bubu. Anajua kuomba, kubisha, kudeka, kumsingizia mwenzake na kusimulia jinsi mbuzi walivyoingia kwenye maharage ya jirani. Ila yote hayo anayajua kwa lugha ya nyumbani. Mwalimu akimwambia, "Haya, vuta mkeka ukae karibu na mwenzako," anabaki amesimama, macho chini. Na mwalimu wetu, ambaye pengine amepangiwa kazi huku akitokea Tanga au Mwanza, anahitimisha kwamba mtoto huyu ni mzito.

Sisemi watoto wote wako hivyo. Lami imefika Mbamba Bay, simu ziko mikononi, na Kiswahili kinaingia hadi jikoni. Mtafiti wa Kijapani, Nobuko Yoneda, aliyekichunguza Kimatengo kwa miaka mingi, aliandika mwaka 2010 jinsi Kimatengo chenyewe kinavyozidi kufanana na Kiswahili. Mtoto wa mtumishi pale Mbinga mjini anaweza kukua hajui hata kumsalimia bibi yake kwa Kimatengo. Basi kwenye mkeka mmoja wa darasa la awali wanakaa watoto wawili: mmoja Kiswahili ni chake tangu kunyonya, mwingine anakisikia kwa mara ya kwanza kikitoka kwa mtu mzima anayemtazama usoni na kungoja jibu. Mwalimu mmoja, somo moja, na mwaka mmoja tu wa awali, maana ndio uliofanywa wa lazima na Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014. Na tangu ada zilipoondolewa Januari 2016, mikeka ilijaa.

Sasa swali langu kwenu. Huyo mtoto wa bibi, ambaye Januari hajui "vuta mkeka", kufikia Agosti mara nyingi anakizungumza Kiswahili, tena kwa kelele. Nani kamfundisha? Mwalimu atasema ni yeye, na sehemu yake ipo, simnyimi. Lakini nendeni mkasikilize nyuma ya darasa wakati wa mapumziko, au ufukweni jioni mitumbwi ikiwa imevutwa juu.

Mnaujua mchezo wa nyama nyama. Watoto wanasimama duara, kiongozi anataja nyama ya mnyama fulani, wenzake wanaitikia na kuruka. Ng'ombe, wanaruka. Mbuzi, wanaruka. Kuku, wanaruka. Ghafla anataja chui. Aliyeruka katoka, na wanamcheka. Huku kwetu ziwani nimewaona wakiugeuza mchezo huo kuwa wa samaki. Kiongozi anataja mbasa, wanaruka, kambale, wanaruka, magege, wanaruka, usipa, wanaruka mpaka mchanga unawaingia machoni. Halafu, bila kubadilisha sauti, anataja kasia. Wale wajanja wametulia tuli. Mtoto mmoja wa kike, mgeni, kateremka na mama yake kutoka milimani kwa shughuli ya msiba, akaruka peke yake. Akatolewa nje ya duara. Hakulia. Alichuchumaa pale nje akikaza macho kwenye midomo ya kiongozi, na kiongozi alipotaja kasia tena, akaruka mwingine, yule mtoto akapiga kelele kwa Kiswahili, "Katoka! Katoka huyo!" Maneno mawili kwa mpigo, na yote kayapata akiwa nje ya mchezo.

Tuutazame vizuri mchezo ule, maana watu wazima tunasifu michezo kwa jumla bila kuangalia ndani yake kuna nini. Kwanza, usiposikiliza neno lenyewe huwezi kucheza. Hakuna njia ya mkato: ukimwiga jirani umechelewa, na ukichelewa umetoka. Pili, hulazimiki kusema. Unaweza kucheza wiki nzima ukiruka tu, na bado unajifunza. Mwanasaikolojia wa Marekani, James Asher, alijipatia jina kuanzia miaka ya 1960 kwa kufundisha lugha za kigeni kwa njia hiyohiyo: mwalimu anatoa amri, mwanafunzi anaitii kwa mwili, simama, kaa, fungua mlango, na kusema kunakuja baadaye kwenyewe. Watu wazima walilipa karo kwa hilo. Watoto wetu walikuwa nalo bure. Tatu, kukosea kuna gharama, lakini gharama ndogo: unatoka, unachekwa, mzunguko ujao unarudi. Hakuna fimbo, hakuna alama nyekundu, hakuna mzazi anayeitwa ofisini.

Hapo ndipo nilipo na ugomvi na kinachoitwa mchezo katika madarasa mengi. Mwalimu kahudhuria semina, kaambiwa afundishe kwa michezo na nyimbo. Anarudi, anawasimamisha watoto, wanapiga makofi, na wote kwa pamoja wanaitikia: hii ni meza, hii ni meza, hiki ni kiti, hiki ni kiti. Mkaguzi akipita nje anasikia shangwe, anaandika vema. Lakini pale kwenye shangwe, mtoto wa bibi anafungua mdomo na kuufunga kama wenzake, na hakuna anayejua kama ameelewa au la, wala yeye mwenyewe hajui. Kuitikia kwa pamoja kunamficha asiyejua. Nyama nyama inamfichua mara moja, na kesho yake inamfundisha.

Nyimbo nazipenda, msinielewe vibaya. Zinalainisha ulimi, zinamtoa mtoto woga. Ila wimbo peke yake haudai uelewe. Mmehudhuria mahafali ya chekechea, najua. Msimu wa kahawa ukiwa mzuri, mahafali yanapendeza: vitoto vya miaka mitano vimevalishwa joho na kofia ya chuo kikuu, wazazi wamenyanyua simu kurekodi, na vitoto vinaimba ubeti baada ya ubeti kwa Kiingereza bila kukosea hata herufi moja. Baada ya keki, mwite mmoja umwombe kwa Kiingereza hichohicho akuletee kikombe. Atakuimbia tena.

Basi mwalimu wa awali afanye nini? Nitawapa michezo ninayoiamini, na ule ninaoupenda kuliko yote ni wa ngoro.

Kwa wasikilizaji wa mbali, ngoro ni kilimo cha Wamatengo cha kwenye miteremko mikali, nacho ni kazi ya akili. Wanaume hufyeka nyasi na kuzilaza mlimani kwa mistari inayokatana, zikafanya miraba. Wanawake huja na majembe, wakachimba udongo wa katikati ya kila mraba na kuzifunika zile nyasi. Kinachobaki ni shimo katikati na tuta pande zote nne, mlima mzima. Mvua ikinyesha maji yanatuama mashimoni badala ya kuporomoka na udongo, nyasi zinaoza na kuwa mbolea chini ya tuta. Maharage hupandwa juu ya matuta, msimu mwingine mahindi. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sokoine na wenzao wa Japani wamekuja kuisoma kazi hii kwa miaka.

Mtoto wa Mbinga ameiona ngoro tangu akiwa mgongoni. Kwa hiyo mwalimu akiwatoa watoto nje kwenye udongo laini, akawapa nyasi na vijiti, na kusema watengeneze ngoro, hakuna anayehitaji kuelezwa mchezo. Kazi wanaijua, mikono inaijua. Kigeni ni maneno tu. Mwalimu anasema: weka nyasi hapa. Chukua udongo katikati. Funika nyasi. Panda harage juu, siyo ndani. Ngoro yako iko kando ya ya nani? Ndani, juu, chini, kando, katikati, haya ndiyo maneno yanayowasumbua watoto wanaoanza lugha, na ndiyo ambayo kitabu hujaribu kuyafundisha kwa picha ya mpira ulio juu ya meza, mpira ulio chini ya meza. Nani kwao ana mpira juu ya meza? Kwenye ngoro ukipanda ndani ya shimo badala ya juu ya tuta, wenzako wanacheka, maana hata mtoto wa miaka minne anajua harage lile litazama.

Na hili naliona kubwa: usimbebeshe mtoto mageni mawili kwa wakati mmoja. Kama neno ni geni, kitu kiwe cha kwao. Kama kitu ni kigeni, basi kielezwe kwa maneno anayoyajua. Tunamfundisha mtoto wa Maguu neno asilolijua kwa picha ya kitu asichokijua, treni, pengwini, theluji, kisha tunalalamika kwamba hashiki.

Ziwani hakuna ngoro, lakini pana mtumbwi. Chora mtumbwi mchangani, uwe mkubwa wa kuingiza watoto kumi. Nahodha anaamuru: ingieni, kaeni, pigeni kasia, geuka kulia, vuta wavu, kuna mawimbi, mwaga maji nje. Asiyetii amri anazama, yaani anakaa pembeni. Baada ya siku chache nahodha asiwe mwalimu tena. Na hapo angalieni jambo la ajabu: mtoto aliyekuwa haongei darasani, mpe unahodha, amri zitamtoka. Kila mtoto anataka kuamuru. Akishindwa kuamuru kwa Kiswahili kwa sababu hana neno, ataliuliza, na neno aliloliuliza mwenyewe halimtoki tena.

Upo pia mchezo wa duka, na wa kupika, wa baba na mama. Huo watoto hawahitaji kufundishwa. Msimu wa kuchuma, kuanzia Juni, kahawa nyekundu zilizodondoka ndizo pesa, majani ya mgomba ndiyo kanga, mchanga mbichi ndio ugali. Kazi ya mwalimu ni kupita kama mteja mwenye usumbufu. Naomba sukari. Hii ni ghali, nipunguzie. Chenji yangu iko wapi? Mtoto atajibu hata kama sentensi imepinda. Akisema, "Sukari hapana kuwa," mwalimu asimame kumfundisha sarufi? La. Ajibu tu, "Ehee, sukari hakuna? Imekwisha? Basi nipe chumvi." Mtoto kasikia ilivyo, biashara inaendelea. Ukimkatiza kumsahihisha, umelifunga duka.

Haya si mambo ya wataalamu wa juzi. Ukanda huu wa ziwa umekuwa ukijifunza lugha za wageni kwa vizazi. Wamisionari wa Kianglikana wa UMCA waliweka makao yao kisiwani Likoma miaka ya 1880, na shule zao za mwambao zilitumia Kinyanja. Padre William Percival Johnson, mzee aliyelizunguka ziwa hili kwa zaidi ya miaka arobaini huku macho yake yakiwa karibu hayaoni, alitafsiri Biblia kwa Kinyanja, na kaburi lake liko Liuli alikofia mwaka 1928. Kisha Wajerumani na Kiswahili chao cha ofisini, kisha Waingereza na Kiingereza chao. Madarasani lugha hizo zilifundishwa kwa kukariri. Lakini vijana wa mwambao walikuwa na darasa lao jingine.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza walilichukua gwaride la askari wakaligeuza ngoma. Hiyo ndiyo mganda, mnayoicheza hadi leo: mistari iliyonyooka, vibuyu vya kupuliza, ngoma kubwa inayogonga kifua, mavazi meupe, na vyeo vya kijeshi kwa wachezaji. Mwanahistoria Terence Ranger aliandika kitabu mwaka 1975 kuhusu ngoma za beni na ndugu zake, mganda ikiwemo. Wasomi wameona mengi humo, dharau kwa mkoloni, mashindano ya vijiji, fahari ya vijana. Mimi naona pia darasa la lugha. Kijana ambaye hakukaa shuleni alijua vyeo vya kigeni na amri za gwaride, na alizijua kwa miguu. Akisikia amri ya kugeuka asigeuke, mstari mzima umeharibika na kijiji cha pili kimeshinda. Na pembeni, kama leo, palikuwa na watoto wenye mikebe na vibuyu vibovu wakicheza mganda yao ndogo na kuamrishana kwa maneno hayohayo, nusu wakiyapatia, nusu wakiyabuni.

Wamatengo nao walikuwa na sengu. Ukoo ulikusanyika kwa babu, wakala pamoja, na chakula kikiisha mazungumzo yakaanza: mashauri ya watu wazima, hadithi, vitendawili. Watoto walikuwa masikio tu mpaka walipojua kusema. Mashauri tuyaache, ila vitendawili ningependa vihamie darasani kama vilivyo. Kitendawili hakijibiwi kwa kidole wala kwa kutikisa kichwa, lazima useme. Na mtoto wa bibi anavyo tele. Mwambie akitege kwa Kimatengo, wanaokijua wacheke, kisha yeye na mwenzake wa mjini wasaidiane kukileta kwa Kiswahili. Yule wa mjini, siku hiyo, ndiye asiyejua. Sera ya Utamaduni ya mwaka 1997 inatutaka tujivunie lugha zetu za asili. Basi vitendawili hivyo tuvipe dakika kumi za Jumatano, hatujavunja sheria yoyote.

Mtauliza kama mambo haya yamejaribiwa kwa mpango, siyo maneno ya mzungumzaji wa redio. Yamejaribiwa, tena kwa redio. Zanzibar, kuanzia mwaka 2006, kulikuwa na vipindi vya Tucheze Tujifunze chini ya mradi wa RISE, kwa watoto wa awali na madarasa ya mwanzo. Redio inatoa mchezo, inauliza, halafu inanyamaza. Watoto wanajibu, wanaruka, wanagusa pua, na redio inaendelea. Ukimya ule ndio uliokuwa na ufundi, na wenzetu wa Kenya waliutumia tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980 kufundisha Kiingereza kwa redio madarasa ya kwanza ya msingi. Huku bara, mpango wa EQUIP-Tanzania, kwa fedha za Uingereza, uliendesha Utayari wa Shule: mtu wa kijijini, mara nyingi si mwalimu wa cheti, anakaa na watoto kwa wiki kadhaa kabla hawajaanza shule, kwa hadithi na michezo, na miongoni mwa waliolengwa ni watoto wasiozungumza Kiswahili nyumbani. Dodoma, Kigoma, Lindi, Mara, Shinyanga, Simiyu, Tabora. Mnaisikia orodha? Mkoa wetu wa Ruvuma haumo. Labda walidhani wote huku tunazungumza Kiswahili cha Songea mjini.

Siku hizi kuna katuni pia. Akili and Me ya Ubongo, shirika la Dar es Salaam, inafundisha watoto herufi, namba na maneno ya Kiingereza, na imetengenezwa kwa akili. Tatizo langu na katuni ni lilelile: haimtoi mtoto nje ya duara. Anaangalia, anafurahi, anaongezewa nyingine. Mzazi akikaa naye, akaizima katikati na kumuuliza, "Kwani huyu simba anaenda wapi?", hapo sawa. Lakini ni wazazi wangapi wanampa mtoto simu ili wakae naye? Tunampa simu atuachie nafasi.

Nilisema Kiingereza kitakuja. Kimekuja. Mtaala mpya, unaotokana na Sera ya 2014 Toleo la 2023 na ulioanza kutumika Januari 2024, umekishusha hadi darasa la kwanza, wakati tangu 2015 darasa la kwanza na la pili walikuwa wamebaki na KKK, kusoma, kuandika na kuhesabu. Kwa hiyo mtoto wa bibi atakuwa bado anapapasa Kiswahili, mara Kiingereza hiki hapa. Wapo wanaosema ni balaa. Mimi nasema inategemea kitaingia kwa mtindo gani. Kikiingia kwa kunakili ubaoni, ni balaa kweli. Kikiingia kwa dakika kumi na tano kila siku za amri na mbio, stendi, siti, rani, stopu, gusa mti, lete jiwe jekundu, mtoto hataona kama ni mzigo. Na kuna faida ambayo haisemwi hadharani: walimu wetu wengi wenyewe wanakiogopa Kiingereza. Somo zima la maelezo kwa Kiingereza linawatoa jasho. Amri ishirini fupi, kila mwalimu anaziweza, na anaweza kuzisema vizuri.

Kisichofaa, na hapa sitapoza maneno, ni kumwadhibu mtoto kwa lugha aliyokuja nayo. Ngũgĩ wa Thiong'o alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1986 jinsi watoto wa shule yake Kenya ya mkoloni walivyopigwa au kuvishwa kibao shingoni kwa kusema Kikuyu. Tunasoma tunasikitika, kisha tunampeleka mtoto shule ya kulipia ambako Kiswahili ni kosa na Kimatengo ndiyo hakitajwi kabisa. Mpite shule ya namna hiyo wakati wa mapumziko. Uwanja umetulia. Watoto wanacheza kwa ishara, kwa sababu wanachotaka kusema hawana Kiingereza chake na walichonacho kina adhabu. Mzazi analipa ada ya kumnyamazisha mwanawe. Naomba radhi kwa wenye shule wanaonisikiliza, lakini ndivyo nilivyoona.

Mama mmoja alinipigia simu baada ya kipindi kilichopita akaniuliza, "Mwalimu, sisi hatuna vifaa vya michezo, tufanyeje?" Dada yangu, vifaa gani? Mtaala wa awali unataka darasa liwe na kona za kujifunzia, kona ya duka, ya nyumbani, ya vitabu, na walimu wengi wamekata tamaa wakisubiri fedha za kuzijaza. Kopo tupu la rangi, magunzi, vifuniko vya soda, kipande cha wavu uliochakaa, hiyo ni kona. Wavuvi wa Mbamba Bay wanatupa vitu kila wiki ambavyo darasa la awali lingeving'ang'ania. Kinachokosekana zaidi ni mtu mzima aliye tayari kucheza bila kuona haya, achuchumae mchangani na suti yake, auziwe ugali wa mchanga, alalamike kwamba umepungua chumvi.

Na yule asiyesema kabisa? Maana yupo kila darasa. Miezi miwili, mitatu, hasemi neno, anatazama tu. Msimlazimishe kusimama mbele, wala msimtangaze kwa wenzake kuwa ni bubu. Mpeni kazi ndani ya mchezo ambayo haihitaji mdomo lakini inahitaji masikio: awe mshika mawe, ndiye anayegawa pale kiongozi anaposema mpe huyu mawili, mpe yule matatu. Mkiona anagawa sawasawa, jueni Kiswahili kimeshaingia, kinasubiri zamu. Siku moja mtu atataka kumpora jiwe lake, naye atabisha. Akibisha kwa Kimatengo, mwacheni abishe, mradi yule mporaji arudishe jiwe.